"Rudisheni mfumo wa zamani!" Sawa, lakini upi?

Uzi mfupi kuhusu karo ya chuo kikuu, maana kila mjadala unaishia matusi.

Kuweka wanafunzi kwa makundi hakukuanza juzi. Wazee wetu walikula "bumu", pesa ya matumizi kutoka serikalini. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kugawana gharama, bumu ikaisha. HELB ikaundwa 1995 kusimamia mikopo. Halafu 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungulia mlango wanaojilipia.

Hapo ndipo darasa moja likawa na watu wa aina mbili. Wa serikali alilipa karo ya 16,000 kwa mwaka. Jirani yake kwa dawati alilipa bei kamili. Kilichowatenganisha ni pointi za KCSE, si umaskini. Mtoto wa tajiri aliyesomea shule kubwa akapata A alilipa 16,000. Mtoto wa kibarua aliyekosa alama kidogo aambiwe ajilipie ama akae nyumbani. Hii sehemu wanaolilia mfumo wa zamani huiruka, sijui kwa nini.

Mfumo wa 2023 ukageuza kipimo: sasa unaulizwa familia yako ina uwezo gani. Makundi yalikuwa manne, 2024 yakawa matano. Kundi la 1, ufadhili 70%, mkopo 25%, familia 5%. Kundi la 5, ufadhili 30%, mkopo 30%, familia 40%. Na hiyo 40% ilikuwa ya gharama yote ya kozi, si ya ile 16,000. Ndiyo maana wazazi walishtuka.

Wazo silo baya, bana. Shida ni kupima. Chukua hapa Kamakis: mwalimu ana payslip, kila shilingi inaonekana, hata kama nusu inakatwa mkopo wa sacco. Mwenye nyama choma anajaza meza Desemba, Januari anahesabu nzi. Utaandika mapato yake ya mwezi gani? Na mwenye ploti asipojaza ukweli, nani atajua?

Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huu unakiuka Katiba. Kesi ikaenda rufaa.

Kwa hivyo mwanasiasa akikuahidi kurudisha "ule wa zamani", muulize ni wa kabla ya 1991 ama wa 1998. Kisha muulize nani atalipa tofauti.