Kabla Hamjanunua Amplifaya, Someni Kibandiko



Kijiji kimoja ninachokitembelea kwa kazi ya elimu ya watu wazima kilichanga fedha za kununua amplifaya ya mikutano. Ilikuwa baada ya mavuno. Kila kaya ilitoa ilichoweza. Wajumbe wawili wakaenda mjini, wakarudi na mashine inayong'aa. Mbele yake pameandikwa: wati 3000. Watu wakashangilia.

Siku ya kwanza ya kuitumia, mganga wa zahanati alikuja kueleza juu ya kipindupindu. Spika moja iliwekwa karibu na meza. Ya pili ilivutwa kwa waya mwembamba mpaka chini ya mwembe, meta 50. Waliokaa mwembeni wakapaza sauti: "Hatusikii!" Vijana wakaazima spika mbili nyingine, wakazifunga palepale kwenye mashine, wakapandisha sauti. Haikuchukua muda, ukatoka moshi. Mashine ikazima. Wale wa mwembeni wakaenda zao bila kusikia namna ya kusafisha maji ya kunywa.

Wengine walisema mashine imetupiwa jicho. Hapana. Makosa yalikuwa matatu, na kila moja lingeweza kuonekana kwa kusoma na kuhesabu.

KOSA LA KWANZA: Kuamini namba ya mbele

Namba kubwa ya mbele ni ya kumvutia mnunuzi. Geuza mashine, usome kibandiko cha nyuma. Mashine ile nyuma iliandikwa: volti 12, ampea 5. Hesabu yake ni rahisi. Volti mara ampea ni wati.

12 x 5 = 60.

Yaani mashine inakula wati 60 tu. Basi itatoaje 3000? Ng'ombe hatoi maziwa mengi kuliko maji na majani aliyokula. Tena sehemu ya zile 60 inapotea kwa joto. Ukitaka kujua nguvu ya kweli, tafuta wati zenye herufi RMS. Ukiona herufi PMPO, usizihesabu wati hizo.

KOSA LA PILI: Waya mwembamba kwa safari ndefu

Umeme unapita kwenye waya kama maji kwenye bomba. Bomba likiwa jembamba na refu, maji yanafika kidogo. Tena umeme huenda na kurudi. Kwa hiyo meta 50 ni safari ya meta 100.

Unene wa waya umeandikwa kwenye ganda lake. Waya wa 0.5 huzuia umeme kwa kama omu 3.5 katika safari hiyo. Omu ni kipimo cha kuzuia umeme. Spika yenyewe ina omu 8. Hapo katika kila sehemu 100 za nguvu, kama 30 zinabaki njiani. Waya wa 2.5 huzuia kama omu 0.7 tu, na zinazobaki njiani ni kama 8. Basi kwa spika ya mbali nunueni waya wa 2.5.

Kwaruza ncha ya waya kwa wembe. Ikiwa ndani ni mwekundu, huo ni shaba. Ikiwa ndani ni mweupe, huenda ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Huo nao unafaa, lakini uwe mnene zaidi, na bei iwe ndogo.

Muuzaji akikuambia eti waya wenye ncha za dhahabu unaongeza sauti, mshukuru uende zako. Dhahabu inazuia kutu tu. Hata waya wa spika za masikioni ni hivyo hivyo. Waya wa meta moja au mbili hauhitaji fedha nyingi. Tazama kama ni imara na kama ncha yake inaingia vizuri. Ncha yenye pete mbili nyeusi ni ya kusikiliza tu. Yenye pete tatu ina na maiki.

KOSA LA TATU: Kuongeza spika ovyo

Nyuma ya amplifaya ile paliandikwa: omu 4 – 8. Maana yake, isipewe chini ya 4. Spika moja ya omu 8 ni sawa. Ukifunga mbili kwa pamoja, omu zinapungua kuwa 4. Ukifunga nne, zinakuwa 2. Omu zikipungua, mashine inalazimika kutoa umeme mwingi kupita uwezo wake. Inapata joto, inaungua.

Spika nne zinawezekana, zikiwa za aina moja. Mwambie fundi azifunge mbili mbili kwa kufuatana, kisha aunganishe jozi hizo mbili kwa pamoja. Hapo omu zinarudi kuwa 8.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Zimeni mashine kabla ya kufunga au kufungua waya. Upande wa kujumlisha wa betri uende kwenye alama ya kujumlisha ya mashine. Fyuzi ikikatika, wekeni yenye namba ileile. Msiweke waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi ya bei ndogo inakufa ili mashine ipone.

Mkienda kununua, chukueni spika zenu na betri. Jaribuni palepale dukani. Dai risiti, nayo itunzwe kwa mweka hazina.

Ndugu, kusoma si kwa kitabu tu. Hata kibandiko cha mashine ni somo, na fedha ya kikundi ni jasho la watu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kibandiko kinasema volti 12, ampea 10. Mashine inakula wati ngapi?
2. Kwa nini meta 30 za spika ni safari ya meta 60?
3. Katika kikundi chenu, nani atasoma kibandiko kabla fedha haijatoka?