Kuchagua Mafuta na Rangi za Mbao Zikaazo Nje

Mazungumzo ya leo ni juu ya mbao na miti ikaayo nje ya nyumba mchana na usiku: ua wa bustani, lango lake, na zile sakafu za mbao zijengwazo mbele ya nyumba ili watu wapate kukaa penye upepo. Mtu hununua miti kwa fedha nyingi, akajenga ua mzuri, akaupaka kitu alichouziwa dukani, akaridhika. Ikipita misimu miwili ya masika ua waanza kuinama. Siku moja mbuzi wa jirani ajisukuma kidogo tu, nguzo zikavunjika, na mboga za msimu mzima zikaliwa asubuhi moja. Mwenye ua hulaumu mafuta, au humlaumu mwenye duka. Aghalabu mafuta yenyewe hayakuwa mabaya. Yalipewa kazi isiyokuwa yao.

Mti ukaao nje una adui watatu, wala hawafanani. Wa kwanza ni jua. Katika mwanga wa jua imo miali isiyoonekana kwa macho, nayo huvunja ile gundi ya asili ishikayo nyuzi za mti, ambayo wataalamu huiita lignini. Ubao huwa wa kijivu, nyuzi zikasimama kama manyoya, na mvua ikaziosha. Adui wa pili ni maji. Mti ukinywa maji huvimba, ukikauka hunywea, na kwa kuvimba na kunywea mwaka hata mwaka hupasuka. Wa tatu ni walaji, yaani mchwa na kuvu. Kuvu hawezi kula mti mkavu. Wataalamu wamepima wakaona ya kwamba maji yaliyomo katika mti yakiwa chini ya sehemu 20 kwa kila sehemu 100 za uzito wa mti mkavu, kuvu hana nguvu juu yake. Lakini mchwa hajali, kwa kuwa huyachukua maji yake mwenyewe katika njia zake za udongo.

Mafundi wa majahazi wa pwani yetu walilijua jambo hili zamani sana. Mtazameni fundi wa kale wa Lamu au wa Unguja alivyokihifadhi chombo chake. Sehemu ya chini, ile izamayo majini, aliipaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, kwa sababu huko adui ni mdudu wa bahari atobolaye mbao. Sehemu ya juu, ile ipigwayo na jua, aliipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo harufu yake humtangulia mwenyewe njiani, ili mbao zisikauke zikapasuka. Chombo kimoja, dawa mbili. Na nguzo ya ua ni kama jahazi: sehemu imezama ardhini, sehemu imesimama juani.

Basi tuanze na sehemu ya ardhini, maana ndiyo iuangushayo ua. Chimbueni nguzo iliyovunjika mkaitazame. Mara nyingi ncha ya chini kabisa ni nzima, na sehemu ya juu ni nzima. Palipooza ni usawa wa ardhi tu, kadiri ya shibiri moja. Sababu yake ni kwamba hapo unyevu na hewa hukutana, na kuvu ahitaji vyote viwili. Mafuta yapakwayo kwa brashi hayawezi kupalinda mahali hapo. Huingia ndani ya mti kadiri ya unene wa ukucha, kisha ufa mdogo wafunguka, na mchwa wapita. Wako waunguzao ncha ya nguzo motoni mpaka iwe nyeusi. Desturi hiyo ni ya zamani, lakini faida yake ni ndogo, kwa kuwa ganda la makaa hupasuka vile vile.

Kinachofaa kwanza ni kuchagua mti wenyewe. Moyo wa mvule, wa mninga, wa msaji, au wa mtarakwa wa milima ya Kenya, una dawa yake ya asili, nao hukaa ardhini miaka mingi. Lakini angalieni sana neno hili: nasema moyo wa mti. Ile sehemu nyeupe iliyo chini ya gome huoza upesi katika kila mti, hata katika mvule. Tena jambo la ajabu ni kwamba sehemu hiyo nyeupe, ijapokuwa dhaifu, hunywa dawa vizuri, na moyo huikataa. Ndiyo sababu nguzo za mkaratusi na za msonobari hutiwa dawa zikiwa duara, na sehemu yao nyeupe haikuchongwa.

Dawa hiyo hutiwa kiwandani kwa nguvu ya mashine. Mwaka 1838 Mwingereza John Bethell alipata hati ya serikali kwa ajili ya njia ya kuitia miti mafuta ya kreosoti, yatokayo katika lami ya makaa ya mawe, ndani ya pipa kubwa la chuma lililofungwa, na mafuta yakasukumwa mpaka ndani ya mti. Mwaka 1933 mtaalamu mmoja wa Bara Hindi, Sonti Kamesan, alivumbua dawa nyingine iliyochanganywa na shaba, kromiamu na aseniki. Hiyo ndiyo iwapayo baadhi ya nguzo za umeme rangi yao ya kijani hafifu.

Dawa hizi zote mbili ni sumu, wala si jambo la kuchezea. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza mwaka 2003 kreosoti isiuzwe kwa watu wa nyumbani, kwa kuwa yaweza kuleta kansa. Na Marekani, tangu mwisho wa mwaka 2003, viwanda viliacha kutia ile dawa ya aseniki katika mbao nyingi zitumikazo majumbani. Kwa hiyo, kama mmenunua nguzo zilizotiwa dawa, msizikate bila haja. Na ikibidi kukata, ncha iliyokatwa iwe juu, ile nzima iingie ardhini. Vipande vilivyobaki visipelekwe jikoni kamwe. Aseniki haiteketei motoni: sehemu yake hupanda na moshi, na sehemu hubaki katika majivu, na majivu hayo mama huenda akayamwaga penye mchicha au kuku wakachakura ndani yake. Vizikeni mbali na kisima.

Kazi ya kusimamisha nguzo nayo ni nusu ya dawa. Tieni kokoto chini ya shimo na kandokando, ili maji yapite yasikae. Mkitumia saruji, iinueni juu kidogo ya ardhi na kuitelemsha pande zote. Saruji iliyofanya kikombe kuzunguka nguzo huinywesha maji kila mvua inyeshapo. Kichwa cha nguzo kikatwe mshazari. Mwenye kupanda mnyaa au mbono kuwa ua wake hahitaji kusikiliza haya yote, wala simcheki. Ua ulio hai hauna haja ya brashi.

Sasa twaja kwenye mbao za juu, na sakafu. Hapa ndipo mafuta na rangi zina kazi yake, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha.

Mafuta yote ya mimea huonekana sawa yakiwa katika chupa, lakini kwa mbao yako makabila mawili. Yako mafuta yakaukayo, na yako yasiyokauka. Mafuta ya mbegu za kitani hukauka. Si kwamba maji yake huruka kama nguo ianikwavyo, bali huvuta oksijeni kutoka hewani, chembe zake zikashikana, yakawa kitu kigumu ndani ya matundu ya mti. Mafuta ya nazi hayafanyi hivyo. Hata yakikaa mwaka mzima yatabaki kuwa mafuta. Hung'arisha ubao siku ya kwanza kama yang'arishavyo nywele, kisha hunasa vumbi, huota ukungu mweusi, na mvua huyatoa kidogo kidogo. Mafuta ya karanga ni hayo hayo. Mafuta ya ufuta hukauka nusunusu, wala hayategemewi.

Mafuta machafu yaliyotolewa katika motokaa ndiyo yapendwayo sana vijijini, kwa kuwa hupatikana bure au kwa bei ndogo. Sikatai kwamba kwa miezi michache maji huteleza juu yake. Lakini hayakauki, huchafua kanzu ya kila apitaye, nayo yamechukua madini yaliyosagika ndani ya mashine. Mvua huyashusha katika udongo wa bustani ile ile mliyotaka kuilinda. Watu wa Mtwara na Lindi wanayo mafuta mengine, yale ya maganda ya korosho, ambayo kweli huzuia wadudu. Lakini wao wenyewe wajua jinsi yanavyobabua ngozi ya mikono, na kwa hiyo hayafai kwa sakafu ya kukanyagwa kwa miguu mitupu, wala kwa lango lishikwalo na watoto.

Hata mafuta ya kitani yana kasoro yake. Mabichi hukawia kukauka siku nyingi. Yale yaitwayo ya kuchemshwa yametiwa dawa ya kuyaharakisha, nayo ni afadhali. Lakini mahali penye unyevu kama pwani, ukungu huyala, na ubao huwa mweusi. Kwa hiyo bora ni mafuta ya mbao za nje yaliyokwisha kutiwa kiwandani dawa ya ukungu pamoja na rangi.

Neno hilo la rangi si la urembo. Mafuta yasiyo na rangi huacha miali ya jua ipite kama kioo. Chembe za rangi, hasa zile nyekundu na za kahawia zifanywazo kwa kutu ya chuma, huizuia. Vanishi nyeupe ya kung'aa ndiyo mbaya kupita zote kwa sakafu ya nje: jua hupita ndani yake na kuharibu mti chini, vanishi ikakosa pa kushika, ikapasuka, maji yakaingia nyuma yake yasiweze kutoka. Kuibandua ni kazi ya siku nyingi kwa msasa. Mafuta yenye rangi hayabanduki. Hufifia tu, na kuyarudia ni kuosha ubao, kuukausha na kupaka tena. Basi dukani ulizeni maneno mawili: je, dawa hii hupenya au hufanya ngozi juu? Je, ni ya nje? Kwa sakafu msichague rangi nyeusi sana, maana saa saba mchana itawaunguza nyayo.

Pakeni wakati wa kaskazi, Januari na Februari, au kipupwe baada ya masika, mbao zikiwa kavu kabisa. Ngojeni umande uondoke, lakini msipake katika jua kali, kwa kuwa mafuta hukauka juu kabla ya kupenya. Paka kidogo, kisha baada ya robo saa futa kwa kitambaa mafuta ambayo ubao haukuyanywa, ama sivyo yatanata kama asali. Ncha za mbao zipakwe mara mbili tatu, kwa maana hapo mti hunywa zaidi kuliko ubavuni. Kujua kama wakati wa kurudia umefika, mwagieni matone ya maji. Yakisimama kama shanga, bado; yakinywewa upesi, leteni brashi.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani msivirundike pembeni mwa banda. Yakikauka mafuta hayo hutoa joto, na rundo laweza kuwaka lenyewe usiku pasipo mtu kuwasha kiberiti. Vitandazeni kimoja kimoja nje mpaka vikakamae, au vitieni katika debe la maji.