Daftari la Nusura

Dereva wa basi anayeujua mteremko wa kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay hupunguza gia kabla hajauanza. Hasubiri breki zinuke. Ukimuuliza kajifunza wapi, atakutajia dereva mzee ambaye yeye alikuwa utingo wake, wala si kifungu cha sheria. Wamatengo nao huchimba mashimo ya ngoro kwenye miteremko ya mashamba yao ili udongo usisombwe na mvua, na hakuna askari anayewasimamia.

Katika reli, mazoea kama hayo tunayaita utamaduni wa usalama. Najua Mbamba Bay hakuna treni. Ipo mipango ya reli ya takriban kilomita 1,000 kutoka Mtwara hadi hapa Ziwa Nyasa, yenye matawi ya kwenda kwenye madini ya Mchuchuma na Liganga. Wengi wanaulizia fidia, ajira na makaa ya mawe. Mimi nauliza: mfanyakazi wa chini kabisa wa reli hiyo akiona kasoro, atathubutu kusema?

Miteremko tunaijua. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilipata hitilafu ya breki mlimani, ikarudi nyuma kwa kasi hadi ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Baada ya msiba wa namna hiyo watu hutaka vifaa vipya, na ni haki yao. Lakini vifaa vipya havitoshi.

Japani walikuwa navyo. Tarehe 25 Aprili 2005, treni ya abiria wa kila siku iliacha reli kwenye kona huko Amagasaki na kubamiza jengo la makazi. Walikufa 107, dereva akiwemo. Kona ilitaka kilomita 70 kwa saa. Yeye aliingia na zaidi ya 110. Muda mfupi kabla alikuwa amepitiliza stesheni, akarudi nyuma, akachelewa kama dakika moja na nusu, kisha akamwomba kondakta apunguze umbali aliopitiliza katika taarifa. Kwa nini? Katika kampuni yake, aliyekosea alipelekwa kwenye “mafunzo” ya kudhalilishwa: kuandika ripoti za kujilaumu siku nzima na kukaripiwa. Kijana yule alikuwa ameshayapitia. Kwa maoni yangu, hofu ile ilikuwa mbovu kuliko breki yoyote.

Kiswahili kina neno zuri kwa ajali iliyokaribia kutokea, ile tunayotaka isemwe bila hofu: nusura. Nusura nigonge bodaboda. Nusura mtoto aanguke mlangoni. Dereva wa treni ya mjini Dar es Salaam, ile iliyoanza Oktoba 2012 na watu wakaiita ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, hupita katikati ya makazi, masoko na makutano ya barabara. Mtu wa kazi hiyo hakosi nusura za kusimulia. Akizisimulia kijiweni tu, zimepotea. Akiziandika kwenye daftari lisilomtia matatani, na wiki hiyo hiyo akaona kizuizi kimetengenezwa pale alipopataja, kesho ataandika tena. Asipojibiwa mara mbili, kalamu ataiweka chini. Mlevi na mzembe wa makusudi waadhibiwe. Hao sina utetezi wao. Aliyepitiwa kisha akakiri apewe asante, na mkubwa wake aitoe mbele ya wenzake.

Mazoezi ya hayo hayahitaji reli. Gati la Mbamba Bay lina vyombo vya abiria leo, na ziwa hili halina mzaha upepo ukichafuka. Utakapoona chombo kimejaa kupita kiasi, mwambie nahodha kabla kamba haijafunguliwa, hata kama wenzako watakuita mwoga. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka kule Ukara katika Ziwa Victoria, kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao, tarehe 20 Septemba 2018, walikuwa 228.