Kutunza Vibonyezo vya Klarineti

Wengi waionao bendi yetu Siku ya Wazazi hudhani kwamba chombo king'aacho ndicho kilichotunzwa. Hata mimi nilidhani hivyo nilipokuwa Kidato cha Pili, na kosa hilo liliniaibisha.

Usiku wa kuamkia siku ile nilichukua dawa ya kusugulia vifungo vya shaba, nikasugua klarineti ya shule mpaka nikajiona usoni katika vibonyezo vyake. Kesho yake, mbele ya wageni, kibonyezo kimoja kiligoma kurudi, na sauti ikatoka kama ya jogoo mwenye kikohozi. Baba alikuwapo, naye alikuwa amesafiri siku nzima. Hakucheka, ningalipenda acheke.

Mwalimu wetu wa muziki alinionyesha sababu. Klarineti ya kawaida ina vibonyezo 17. Huundwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, kisha hupakwa utando mwembamba wa fedha au nikeli. Dawa ile ina unga unaokwaruza. Hula utando huo, na masazo yake hukauka katika maungio na kuharibu pedi, yaani vitakia vidogo vinavyoziba matundu.

Basi wenzangu, fanyeni hivi:

1. Ukiisha kupiga, pitisha kitambaa ndani ya chombo kukausha mate.

2. Panguza jasho la vidole kwa kitambaa kikavu cha pamba. Usikaze mkono, kwa maana chini yake mna springi nyembamba kama sindano.

3. Pedi ikinata, weka karatasi nyembamba kati yake na tundu, ubonyeze polepole. Karatasi itanyonya maji. Usiichomoe pedi ingali imeibana.

4. Mara moja kila muhula, tia kwa ncha ya sindano tone dogo la mafuta mepesi ya mashine katika kila ungio. Yasifike kwenye pedi.

5. Usiweke mipira ya kufungia sandukuni. Mpira hutiwa salfa, na salfa huigeuza fedha kuwa nyeusi. Lakini weusi kidogo hauharibu sauti.

Mwaka huu baba alikuja tena. Vibonyezo vilikuwa vimefifia, lakini hakuna hata kimoja kilichogoma. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwisho wa mwaka nitamkabidhi mdogo wangu wa Kidato cha Pili klarineti hii, pamoja na kitambaa chake kikavu.