Chumvi Ibaki Jikoni

"Shikamoo mwalimu. Nimenunua gauni la batiki na rangi inachuja. Niweke chumvi vijiko vingapi?"

Marahaba. Sifuri.

Swali hili nimeulizwa harusini, nimeulizwa ndani ya daladala, na siku moja nimeulizwa msibani tukisubiri mwili. Anayeuliza hataki kujua kama chumvi inasaidia; hilo kwake lilikwisha zamani, tangu kwa bibi yake. Anataka kipimo tu. Siku hizi swali limeota na mkia: "Muuzaji kaniambia ni kazi ya mikono, rangi za asili, ndiyo maana inachuja." Yaani kuchuja kumekuwa cheti! Ya kiwandani haichuji, hii inachuja, basi hii ndiyo rafiki wa mazingira. Nimefundisha watia rangi miaka mingi, na sentensi hiyo ndiyo inayonifanya niandike leo.

Nianze na chumvi. Uzushi huu una mzazi halali. Fundi anayetumia rangi za pamba ziitwazo riaktivu, zilizoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1956, kweli hutia chumvi kwenye beseni lake. Uzi wa pamba ukilowa hubeba chaji hasi kidogo, na chembe za rangi nazo ni hasi, kwa hiyo zinasukumana. Chumvi inatuliza ugomvi ili rangi iyaache maji na kuusogelea uzi. Kuusogelea, nasema, si kuushika. Kinachoshikisha ni magadi yaliyosafishwa, wenyewe huyaita soda ashi. Yakitiwa, rangi inaungana na uzi kikemia, vinakuwa kitu kimoja. Chumvi ni mshenga tu. Ndoa inafungwa na magadi.

Na mshenga mwenyewe ana bei. Kwa kawaida fundi huhesabu gramu 50 au zaidi kwa kila lita ya maji. Ndoo ya lita 20 inataka kilo nzima. Wewe unachota kijiko cha chakula, sawa na gramu moja hivi kwa lita, kisha unakwenda kulala ukiamini kemia inafanya kazi usiku kucha.

Hata ungemwaga gunia, umechelewa. Rangi ambayo haikuwahi kuungana na pamba siku ya kutiwa imekwisha kuungana na maji, na ikishaungana na maji haina tena mkono wa kushikia uzi. Imekaa juu ya kitambaa kama vumbi juu ya kabati. Haitashika leo, haitashika kesho, kwa chumvi wala kwa dua. Dawa ya vumbi ni kuliondoa.

"Lakini mimi nimejaribu, ikaacha!" Najua. Darasani huwa nakata vipande viwili kutoka nguo moja inayochuja. Kimoja nakilaza kwenye maji matupu, kingine kwenye maji yenye chumvi nyingi kweli. Baada ya nusu saa maji matupu yamekuwa mekundu, ya chumvi yamebaki karibu meupe, na darasa zima linanicheka. Kisha nakitoa kile cha chumvi na kukitia kwenye maji safi ya bomba. Wekundu wote unatoka hapo hapo. Chumvi ilikuwa imeibana rangi isiingie majini, kama unavyobana pumzi. Ukiachia, inatoka. Kwa hiyo unayeloweka kwa chumvi umejinyima nafasi ya kuitoa rangi legevu ndani ya beseni, ukaiahirisha hadi siku ya mvua, au siku ya jasho, juu ya shati jeupe la mume wa mtu.

Siki? Siki ina kazi kwenye sufu na hariri, zinazotiwa rangi za aina nyingine kabisa. Kwenye pamba ya riaktivu asidi haifungi chochote, na ukiizidisha inaweza hata kulegeza kilichokwisha kufungwa. Itieni kwenye kachumbari.

Sasa huo mkia wa "asili". Nili ni rangi ya mmea, na ni miongoni mwa rangi za kale zinazodumu vizuri kwenye maji. Nili haiyeyuki majini. Fundi huilazimisha iyeyuke kwa kuinyima oksijeni ndani ya maji makali. Kitambaa kinatoka kwenye pipa kikiwa kijani cha manjano, kinakutana na hewa, na mbele ya macho yako kinageuka buluu. Hapo rangi imerudi kuwa chembe isiyoyeyuka, imefungiwa ndani ya uzi. (Nimelitazama tukio hilo mara nyingi mno na bado huwa naacha ninachofanya.) Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani, na chembe yake ni ile ile ya mmea. Rangi za vati ambazo mafundi wetu wengi wa batiki wanatumia hufuata njia hiyo hiyo, kwa kostiki soda na haidrosulfaiti. Ikifanywa sawasawa, haichuji. Inayofunga rangi hapa si chumvi.

Upande wa pili, bitiruti na rosela vitakupa waridi la kupendeza mno litakaloondoka na sabuni ya kwanza. Manjano hushika pamba vizuri lakini jua linaifuta, na ikikutana na sabuni yenye magadi inageuka nyekundu ya kutisha. Magome ya mkandaa yana tanini na hushika, hasa kitambaa kikiandaliwa kwa shabu. Lakini kubandua magome kuzunguka shina ni kuua mti wenyewe, na hapo asili gani unayoitetea? Kushika au kuchuja kunategemea aina ya chembe na ufundi wa mtu. Mmea na kiwanda havisemi lolote vyenyewe.

Basi nguo ya mkono inachuja kwa nini? Mara nyingi kwa sababu haikusuuzwa. Nyingine imepikwa tu kwa rangi rahisi ya pakiti ambayo kuchuja ndiyo tabia yake, na hiyo hairekebishiki. Lakini nyingi ni suala la maji. Baada ya kutia rangi, kitambaa kinataka maji baridi, kisha maji ya moto karibu na kuchemka pamoja na sabuni, kisha maji tena, mpaka yatoke meupe. Fundi anayefanyia kazi uani anayanunua maji hayo kwa dumu, na moto anaununua kwa gunia la mkaa. Anakutajia bei yake, wewe unamkata elfu tano, unaondoka ukijipongeza kwa kuwainua wanawake. Kitambaa hawezi kukipunguza, mshono hawezi kuupunguza. Anapunguza maji. Rangi inayobaki kwenye beseni lako ni ile elfu tano. Halafu tunaiita maadili.

Na kama kweli mazingira yanakuuma, acha kuuliza "ni asili?" Uliza kama fundi anavaa glavu, maana kostiki inachoma ngozi. Uliza maji machafu yanakwenda wapi: yanapozwa ukali na kuachwa yatuame shimoni, au yanakimbilia mferejini kwa jirani? Fundi mzuri atafurahi kuulizwa. Fundi mbaya atakuambia ni mizizi.

Haya, ya kufanya, maana najua ndicho mlichokuwa mkisubiri. Kabla ya kununua, lowesha kipande cha kitambaa cheupe, kisugue kwenye upindo kwa ndani. Kikipata rangi, omba isuuzwe na ulipie, au acha. Ukishanunua pamba inayochuja, ifue peke yake kwa maji mengi, ya moto kadiri mkono wenye glavu unavyovumilia, na sabuni ya unga kidogo, ukibadilisha maji mpaka yatulie. Jaribu kwanza upindo. Ukiona nguo nzima inapauka, ile ni ya pakiti: maji baridi, haraka, peke yake daima. Zilizotiwa mimea na shabu zinataka sabuni laini na maji baridi, bila limau na bila magadi. Usiache nguo ndani ya maji yaliyokwisha kuingia rangi, itaruka na kukaa kwenye maua meupe. Anika kivulini, ndani nje. Na kama tayari imeambukiza shati, usilikaushe wala kulipiga pasi. Lirudishe majini likiwa bado bichi.