Mtoto amemeza sarafu? Kifaa kikilia ovyo, jua pa kuanzia

Shilingi 200 ilikuwa mezani, sasa haipo, na mtoto wa miaka mitatu anaonyesha mdomo wake kwa kidole. Imemezwa, au imeingia chini ya kochi?

Katika nchi mbalimbali, baadhi ya madaktari wa watoto hutafuta jibu la kwanza kwa kifaa cha mkononi cha kutambua metali, kama kile ambacho mlinzi hukipitisha mwilini mwako mlangoni mwa benki. Tafiti zimeonyesha kuwa kikishikwa na mtu aliyezoea, hugundua karibu sarafu zote zilizomezwa, bila kumpitishia mtoto mionzi ya eksirei.

Tatizo ni kelele. Kifaa kinachomlilia kila mtoto hakimsaidii daktari wala mzazi.

Kwa nini kinalia ovyo?

Ndani ya kifaa kuna waya uliozungushwa. Umeme ukipita humo hutengeneza nguvu ya sumaku kuuzunguka. Metali ikikaribia, nguvu hiyo hubadilika na kifaa hulia. Hakijui kama metali iko tumboni au kwenye zipu ya suruali.

Ndiyo maana mpimaji makini huondoa sababu moja baada ya nyingine:

• Kwanza hukiwasha hewani, mbali na mtu yeyote. Kikilia hapo, mtoto hahusiki. Huenda betri yake imechoka, kimewekwa kukamata hata kitu kidogo mno, au kuna simu na mashine ya umeme karibu.

• Pili hukipitisha juu ya sarafu anayoijua. Kisipolia, ukimya wake hauaminiki.

• Tatu humvua mtoto nguo zenye zipu na vifungo vya chuma, bangili, hereni na shanga za kiunoni zenye metali. Mzazi anayemshika naye avue saa na pete.

• Nne humsimamisha mbali na kitanda cha chuma na kiti cha magurudumu. Hata nondo zilizo ndani ya sakafu zinaweza kukiliza kikishuka chini sana.

Baada ya hapo hukipitisha polepole karibu na ngozi, kutoka kidevuni hadi chini ya kitovu, mbele na mgongoni. Kelele ya kweli hurudi mahali palepale kila kifaa kinapopita. Inayohamahama mara nyingi hutoka nje ya mwili.

Mahali inapolia panasema nini?

Ikilia shingoni au kifuani, sarafu huenda imekwama kwenye umio, yaani njia ya chakula. Mtoto anaweza kudondosha mate, kukataa kula au kulalamika maumivu. Huyu anahitaji eksirei na huenda sarafu ikalazimika kutolewa na daktari.

Ikilia tumboni, na mtoto anakula na kucheza vizuri, sarafu nyingi hutoka zenyewe kwa haja kubwa ndani ya siku kadhaa hadi wiki mbili. Akianza kutapika, kuumwa tumbo au kutoa damu, arudishwe hospitali mara moja.

Betri si sarafu

Hapa ndipo kifaa kinapoweza kumdanganya mtu. Hulia vilevile kwa sarafu na kwa betri bapa ya rimoti, mzani au mdoli. Betri iliyokwama kwenye umio huanza kuunguza nyama laini, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2, hata kama mtoto haonyeshi dalili yoyote. Eksirei ndiyo hutofautisha: mara nyingi betri huonekana na duara mbili kwenye ukingo, sarafu haina.

Kwa hiyo, ukihisi ni betri, usisubiri kifaa chochote. Nenda hospitali yenye eksirei, ubebe pakiti au betri inayofanana nayo. Kama mtoto ametimiza mwaka mmoja, anameza vizuri na hazijapita saa 12, wataalamu wa sumu wa Marekani wanashauri kumpa asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, visizidi vipimo 6, mkiwa njiani. Asali hupunguza kuungua tu, haiondoi betri. Mtoto wa chini ya mwaka asipewe asali kabisa.

Sumaku nazo ni za haraka. Mbili zikimezwa huvutana kutoka pande mbili za utumbo na kuutoboa.

Kikinyamaza je?

Ukimya hautoshi. Kifaa hakioni plastiki wala mfupa wa samaki, na pini ndogo huweza kukipita. Mtoto mwenye dalili aonwe na daktari hata kama hakijalia.

Nyumbani, usimtapishe wala kumpa tonge la ugali au ndizi ili kusukuma kitu kilichokwama. Akishindwa kupumua, kulia au kukohoa, hiyo ni dharura ya njia ya hewa: msaidie palepale huku mwingine akiita msaada.

Na leo jioni, geuza rimoti zote za nyumbani. Ile ambayo kifuniko chake kimepotea na betri inaonekana, ifunge kwa gundi ya karatasi imara au iweke juu ya kabati, mtoto asipofika.