Kengele ya Upepo Mwaloni

Mvuvi wa Ziwa Viktoria hahitaji kufundishwa kwamba upepo unaua. Anajua. Anachohitaji kujua ni upepo una kasi gani sasa hivi, kabla hajasukuma mtumbwi majini. Macho huona mawimbi na ngozi husikia ubaridi, lakini macho na ngozi havitoi hesabu. Watu wawili wakisimama pamoja ufukoni, mmoja atasema upepo ni mdogo na mwingine atasema ni mkubwa. Mara nyingi anayesema ni mdogo ndiye mwenye deni la petroli.

Kipo chombo kinachotoa hesabu hiyo, na kinachopiga kelele upepo ukizidi. Ni kengele ya upepo. Bandarini chombo hiki hufungwa juu ya winchi kubwa za kupakulia mizigo, ili mwendeshaji aache kazi upepo ukiwa mkali. Chombo cha aina hiyo, kilicho kidogo, kinaweza kusimamishwa mwaloni. Bei yake si ya mtu mmoja, lakini kijiji kikichanga, au kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, kinaweza kukinunua. Nataka kueleza jinsi ya kukitumia, kwa sababu kikitumiwa vibaya ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Mvuvi asiye na kengele hutazama mbingu. Mvuvi mwenye kengele mbovu haitazami tena.

CHOMBO CHENYEWE

Juu ya mlingoti kuna vikombe vitatu. Vimefungwa kwenye vijiti, mfano wa pawa tatu zilizounganishwa mipini. Upepo ukivuma huvizungusha. Upepo ukiongezeka, navyo huongeza mbio. Ufundi huu si mpya. Thomas Romney Robinson wa Ireland alitengeneza kipimo cha namna hiyo mwaka 1846, na vikombe vyake vilikuwa vinne.

Ndani ya shina la vikombe kuna sumaku ndogo. Kila vikombe vinapozunguka, sumaku hupita mbele ya swichi, na swichi hupeleka alama ya umeme katika waya. Waya hushuka hadi kwenye sanduku lililofungwa mahali pakavu. Sanduku huhesabu alama hizo na kuonyesha kasi ya upepo kwa tarakimu. Kasi ikipita kiwango mlichoweka, sanduku huwasha taa na king'ora hulia. Umeme wake hutoka kwenye betri, na betri huchajiwa na paneli ya jua.

Masanduku mengi yana viwango viwili. Cha kwanza ni cha kuonya. Cha pili ni cha kukataza.

SOMA KIPIMO KABLA YA KUWEKA NAMBA

Hapa nawaomba msome polepole, maana hapa ndipo watu wanapoweza kufa kwa kosa la hesabu.

Sanduku linaweza kupima upepo kwa namna tatu. Linaweza kuhesabu kilomita kwa saa. Linaweza kuhesabu mita kwa sekunde. Au linaweza kutumia kipimo cha mabaharia kinachoitwa noti. Upepo ni ule ule, lakini namba hubadilika. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ni karibu mita 8 kwa sekunde. Kwa noti ni karibu 16.

Tuseme mkutano wa kijiji umekubaliana kwamba mitumbwi isitoke upepo ukifika kilomita 30 kwa saa. Kijana anabonyeza vitufe mpaka namba 30 inatokea, anafunga sanduku na kwenda zake. Lakini sanduku lilikuwa limewekwa katika mita kwa sekunde. Mita 30 kwa sekunde ni sawa na kilomita 108 kwa saa. Upepo wa namna hiyo ukija, mabati ya shule yatakuwa yamekwisha kuruka. Kengele hiyo haitalia siku ambayo mitumbwi inapinduka. Itakaa kimya, na watu watasema leo ni shwari.

Kwa hiyo mwenye kubonyeza asiwe peke yake. Mmoja abonyeze, mwingine asome namba na kipimo kwa sauti. Ukitaka kugeuza mita kwa sekunde kuwa kilomita kwa saa, zidisha kwa 3.6. Waliohitimu kisomo cha watu wazima wanaiweza hesabu hiyo kwa penseli.

KIWANGO GANI KINAFAA?

Watu wengi hudhani upepo wa kilomita 40 una nguvu mara mbili ya upepo wa kilomita 20. Sivyo. Kasi ya upepo ikiwa mara mbili, msukumo wake huwa mara nne. Mtumbwi uliosukumwa ubavuni kama na mtu mmoja, sasa unasukumwa kama na watu wanne. Ndiyo maana mvuvi aliyezoea upepo wa alasiri hushtuka sana upepo unapoongezeka kidogo tu.

Mwaka 1805 Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliandika ngazi za upepo kwa kutazama alama zake. Ngazi hizo bado zinatumika. Upepo ukiwa kati ya kilomita 20 na 28 kwa saa, utaona mapovu meupe mengi juu ya mawimbi. Kati ya 29 na 38, miti midogo yenye majani huyumba. Kati ya 39 na 49, matawi makubwa hutikisika na ziwa huwa jeupe kila upande. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa angalizo, mara nyingi husema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Fikiria mtumbwi wa kasia ndani ya mawimbi ya mita 2.

Kwa mitumbwi midogo, mimi ningeweka kengele ya kukataza kwenye kilomita 30, isizidi hapo. Bwana Samaki wenu anaijua mitumbwi yenu kuliko mimi, mumsikilize. Kengele ya kuonya ndiyo yenye kazi. Mkiiweka chini mno, italia kila alasiri kwa upepo wa kawaida wa ziwa. Wiki ya kwanza watu watageuka kutazama. Wiki ya pili watacheka. Wiki ya tatu mtu atakata waya ili apate usingizi. Kwa hiyo kwa mwezi mmoja andikeni kwanza kasi ya upepo wa kila alasiri. Mkiona kwa kawaida hauzidi 18, basi wekeni onyo kwenye 22 hivi, juu kidogo ya upepo mliouzoea.

Tena kuna upepo wa ghafla, unaopiga mara moja na kupita. Sanduku zuri lina muda wa kusubiri, yaani kengele hailii mpaka upepo udumu sekunde kadhaa juu ya kiwango. Sekunde 10 zinatosha. Mkiweka dakika nzima mtakosa onyo la mapema. Na kengele ikinyamaza msikimbilie majini. Upepo mkali hupumua, kisha hurudi. Subirini nusu saa bila kengele kulia.

KENGELE HAIONI KATIKATI YA ZIWA

Mchana jua huchoma nchi kavu upesi kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kuja kwetu. Usiku nchi kavu hupoa upesi, na upepo hugeuka kwenda ziwani. Pepo hizo za usiku hutoka pande zote za ziwa na kukutana katikati. Hewa yenye unyevu husukumwa juu, mawingu huvimba, radi huanza. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Viktoria huja usiku na alfajiri. Upepo wa jumla unaotoka mashariki husukuma mawingu hayo upande wa magharibi. Hii ni sababu mojawapo ya Bukoba kupata mvua nyingi kuliko Musoma.

Sasa wavuvi wa dagaa hutoka lini? Usiku, tena usiku wa giza, wakiwa na taa zao. Wanapotoka jioni, kengele ya mwaloni inaweza kuwa kimya kabisa, na inasema kweli, maana hapo mwaloni upepo ni mdogo. Saa 8 usiku, wao wakiwa mbali, dhoruba inazaliwa mbele yao. Kengele italia ikiwafikia waliobaki. Waliotoka hawataisikia.

Kwa hiyo kengele ni shahidi mmoja, na tunahitaji mashahidi watatu. Wa pili ni tangazo la hali ya hewa la redio, ambalo husema habari za saa zinazokuja. Wa tatu ni mbingu yenyewe: ukiona radi zinawaka upande wa ziwa jioni, kaa nyumbani hata kama sanduku linaonyesha 5. Shahidi mmoja akikataa, mtumbwi usitoke. Kwa walio ndani ya maji, fungeni taa kubwa juu ya mlingoti, iwake kengele ya kuonya inapolia. Walio karibu wataiona na kurudi. Kila mmoja ndani ya mtumbwi avae jaketi la kuokoa maisha. Likiwa limekaliwa kama mto, halitamsaidia mtu aliyekwisha anguka majini.

MAHALI PA MLINGOTI NA UTUNZAJI

Mlingoti ukisimamishwa nyuma ya nyumba au chini ya mwembe, vikombe vitapima kivuli cha upepo. Kanuni ni hii: kama mti una urefu wa mita 8, mlingoti uwe mbali nao mita 80, yaani mara kumi. Kwenye vituo vya hali ya hewa upepo hupimwa mita 10 kutoka ardhini. Ncha ya ardhi inayoingia ziwani inafaa sana. Mlingoti uwe na bawaba chini ili uweze kulazwa. Uwe pia na waya mnene wa shaba ulioshuka na kuzikwa ardhini kwa ajili ya radi, maana kanda yetu ina radi nyingi. Mtu asiuguse mlingoti wakati wa ngurumo.

Kila siku saa 10 jioni, kabla ya mitumbwi kutoka, bonyezeni kitufe cha kujaribu. King'ora lazima kilie. Lakini mjue kwamba kitufe hicho hujaribu sanduku na king'ora tu, hakijaribu vikombe. Kwa hiyo inua macho. Kama vikombe vinazunguka na sanduku linaonyesha 0, waya umekatika. Kama upepo unatikisa majani ya migomba na vikombe vimesimama, vimekwama.

Kosa baya zaidi halionekani upesi. Wadudu wa ziwa, wale wanaopanda kama moshi, hufia ndani ya beringi. Vumbi na kutu huongezeka. Vikombe bado vinazunguka, lakini kwa uzito. Upepo ni 30, sanduku linasema 22. Mara moja kwa mwezi lazeni mlingoti siku ya utulivu. Futeni vikombe na uvizungushe kwa kidole. Vizunguke kwa wepesi na kusimama polepole bila kukwaruza. Vikikwaruza, badilisheni beringi. Futeni paneli ya jua pia, kwa kitambaa chenye maji.

Na betri ya kengele si ya kuchajia simu. Nasema hivi kwa sababu najua vijiji vyetu. Betri ikiisha usiku hakuna kitu kitakachotoa taarifa. King'ora hunyamaza, na ukimya huo hufanana kabisa na ukimya wa hali nzuri. Sanduku liwe na kufuli, na funguo mbili ziwe kwa watu wawili.

Watu hao wawe akina nani? Ushauri wangu ni akina mama wanaoanika dagaa. Wao wako mwaloni kutwa, wengi wanajua kusoma, na hawana haraka ya kusukuma mtumbwi. Walipwe kitu kutokana na makusanyo ya mwalo. Wawe na daftari lenye mistari mitano: tarehe, saa, kasi ya upepo, kengele imelia au haikulia, na jina la aliyeandika. Kwa mfano: tarehe 4, saa 10 jioni, upepo 17, haikulia. Daftari hilo ndilo litakalowaambia baada ya mwaka ni miezi gani na saa gani mwalo wenu una upepo mbaya.

Wakulima nao wasilione daftari kuwa la wavuvi tu. Upepo ukipita kilomita 15 kwa saa usipulize dawa shambani, kwani nusu itakwenda kwa jirani na nyingine usoni pako. Pita mwaloni uulize namba.

Chombo kikiharibika, msikiache kimesimama kama kizima. Lazeni mlingoti. Andikeni kwenye ubao kwa herufi kubwa: KENGELE MBOVU. Ubao uwekwe pale mitumbwi inaposhushiwa, kila mtu ausome kabla ya kushika kasia, na ukae hapo mpaka fundi atakapomaliza kazi na vikombe kujaribiwa kwa mkono mbele ya watu.